Kugeuza Sehemu ya Chini ya Nyumba Kuwa Makazi: Mwongozo kwa Wenye Nyumba za Mteremkoni Dar es Salaam

Nyumba nyingi zilizojengwa kwenye miinuko ya Goba, Kimara, Makongo, Mbezi na Madale zina nafasi chini yake ambayo mwenyewe hakuipanga. Kiwanja kiliteremka, fundi akalazimika kupandisha msingi upande wa bondeni mpaka ukafikia kimo cha mtu au zaidi, na hapo chini pakabaki uwazi unaowekwa mbao zilizosalia baada ya kumwaga zege, matairi, mifuko ya saruji iliyoganda na pengine kuku wachache. Familia inapoongezeka, au mwenye nyumba anapoanza kuifikiria kodi ya mpangaji, macho huelekea huko. Wazo lenyewe si baya. Kuta na slabu zipo tayari, kiwanja hakihitaji kununuliwa, na chumba ambacho upande wake mmoja umeegemea udongo hakipati joto la jua kama vyumba vilivyo chini ya bati, jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam huliona thamani yake mwezi Februari.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha na umakini katika kazi hii inapaswa kwenda nje ya ukuta, mahali ambapo mgeni hatapaona, kabla ya kununua kigae hata kimoja. Wengi hufanya kinyume: huanza na vigae, dari na taa za kupendeza, kisha masika ya kwanza yanapoondoka, rangi hubambuka kuanzia chini, chumvi nyeupe huchanua ukutani na chumba hunuka koga. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao kazi inapaswa kwenda nao, na ndiyo maana vigae vinakuja karibu na mwisho.

Tambua kwanza kilicho chini ya nyumba yako

Kuna nyumba ambazo sakafu ya juu ni slabu yenye nondo, iliyobebwa na nguzo na mihimili, na chini yake ni wazi. Hii ndiyo inayofaa kugeuzwa. Kuna nyingine ambazo kwa nje zinafanana kabisa na hizo, zina msingi mrefu upande wa bondeni, lakini ndani ya msingi huo pamejazwa kifusi kilichoshindiliwa na juu yake pakamwagwa jamvi, yaani sakafu ya zege. Jamvi la namna hiyo huwa na unene wa sentimita 10 hivi, mara nyingi halina nondo au lina wavu mwepesi tu, kwa sababu halikukusudiwa kubeba chochote kwa nguvu zake lenyewe. Limelala juu ya kifusi. Ukitoboa ukuta wa msingi na kuanza kuchota kifusi ili upate chumba, unaondoa kitu pekee kinachoshikilia sakafu ambayo watu wanailalia. Isitoshe, ukuta wa msingi huo ulikuwa ukibanwa na kifusi kutoka ndani, na kuuacha mtupu upande mmoja ilhali udongo umebaki upande wa pili ni kuualika uiname.

Njia ya kutofautisha hizi mbili si ngumu. Kama unaweza kuingia chini na kuitazama slabu kwa chini, ukaona alama za mbao zilizotumika kumwagia zege na mihimili inayotoka nguzo hadi nguzo, una slabu ya kweli. Kama huna pa kuingilia, tafuta michoro ya nyumba au mtafute aliyesimamia ujenzi, na usikubali jibu la kukisia. Kwa nyumba iliyojazwa kifusi ushauri wangu ni mfupi: iache kama ilivyo, na kama unahitaji chumba, jenga kibanda cha uani au panda juu.

Kundi la tatu ni la wale wenye uwazi wa kweli lakini mfupi, wa mita moja na nusu au mbili, ambao hufikiria kuchimba chini zaidi ili wapate kimo. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Msingi unasimama juu ya udongo ulioko chini yake na pembeni yake; ukichimba karibu nao na kushuka kuliko kitako chake, udongo huo hupoteza egemeo na kuanza kutoroka. Kazi ya kushusha msingi inawezekana, hufanywa kwa vipande vifupi vya takriban mita moja kwa zamu, kila kipande kikimwagwa zege na kukomaa kabla ya kugusa cha jirani yake, lakini ni kazi ya mhandisi kuichora na kuisimamia, si ya vijana wawili wenye sururu. Jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20, na mashuhuda waliviambia vyombo vya habari kwamba kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo hilo ilikuwa imeanza. Nyumba yako ya Goba ni ndogo kuliko jengo lile, ila udongo unafuata kanuni zilezile.

Kwa hiyo, kabla ya hatua nyingine yoyote, mlipe mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje kuitazama nyumba. Fundi mwashi mzuri ni hazina, na mwenye busara miongoni mwao atakuambia mwenyewe kwamba kukadiria uzito si kazi yake. Mhandisi huyo ndiye atakayekuchorea pia mabadiliko utakayopeleka halmashauri, maana kugeuza stoo kuwa makazi, kutoboa kuta na kuongeza madirisha ni mabadiliko ya jengo yanayohitaji kibali cha ujenzi. Ukiwa Goba au Kimara, kibali hicho ni cha Manispaa ya Ubungo. Ukiwa Madale au Makongo, ni cha Kinondoni. Pima pia umbali kutoka kwenye mto au kijito kilicho bondeni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sehemu ya chini ya nyumba ya mteremkoni ndiyo huwa ya kwanza kuingia katika ukanda huo.

Ukaguzi wa ukuta unaozuia udongo

Upande wa mlimani, ukuta wa chumba chako si ukuta wa kawaida. Umeegemewa na udongo, na mvua ikinyesha, na maji pia. Maji yaliyotuama nyuma ya ukuta hukandamiza kwa nguvu inayoongezeka kwa takriban tani moja kwa kila mita ya mraba kadiri unavyoshuka mita moja. Ukuta wenye mita mbili za maji nyuma yake, basi, unasukumwa na tani mbili kwa mita ya mraba pale chini kabisa, mbali na uzito wa udongo wenyewe. Ukuta wa tofali za inchi sita usio na nguzo wala nondo haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Fundi hubeba kifaa cha kukujulisha hali: timazi. Ining'inize kutoka juu ya ukuta, sehemu mbili au tatu, na upime umbali kati ya kamba na ukuta juu, katikati na chini. Ukuta uliofura katikati utajionyesha mara moja. Halafu tazama nyufa. Ufa mwembamba unaosimama wima mara nyingi unatokana na lipu kusinyaa wakati wa kukauka. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya tofali unadokeza kwamba msingi umetitia mahali fulani. Unaopaswa kukutia wasiwasi kuliko yote ni ule unaolala, unaokimbia kwa usawa katikati ya kimo cha ukuta, kwa sababu huo husema udongo unasukuma na ukuta umeanza kukubali. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za kila ufa na uandike tarehe pembeni yake, kisha rudi baada ya mvua. Ufa uliovuka alama yake bado unatembea, na hakuna lipu itakayouzuia. Tazama pia slabu iliyo juu yako: madoa ya kutu, au mahali ambapo zege limemeguka na nondo kuonekana, hurekebishwa sasa, kabla dari haijafunika.

Maji

Kama unyevu tayari upo chumbani, jua kwanza unatoka wapi, kwa kuwa tiba hutofautiana. Chukua kipande cha nailoni nzito kinachoonyesha upande wa pili, chenye upana wa sentimita 45 kila upande, ukibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha uwazi, na kingine ukibandike ukutani upande wa mlimani. Viache usiku mzima au siku nzima. Matone yakionekana chini ya nailoni, au zege likiwa limegeuka jeusi hapo, maji yanapanda kutoka ardhini au yanapenya ukuta. Nailoni ikilowa kwa juu huku chini yake ni kukavu, unyevu ni wa hewa ya chumba, na dawa yake ni upepo kuliko saruji. Fanya jaribio hili wakati wa mvua au mara baada yake. Nailoni kavu mwezi Agosti haithibitishi chochote.

Fundi mmoja akiitazama chumvi nyeupe ukutani atakuambia, "Hiyo ni chumvi tu bosi, tunapiga dawa ya kuzuia maji inaisha." Chumvi hiyo ni madini yaliyoyeyushwa na maji yaliyopita ndani ya tofali, na yalipofika usoni pa ukuta maji yakakauka na kuyaacha. Dawa ya kupaka kwa ndani huzuia maji yasitokeze mahali pale, wakati maji yenyewe bado yako nyuma yake yakisukuma, na baada ya muda huinua lipu na rangi kama ngozi iliyoungua. Ndiyo sababu mpangilio sahihi ni kuyapunguza maji kule yanakotoka, kuyaondoa yaliyofika karibu na ukuta, na hapo ndipo kuuziba ukuta wenyewe.

Anza na bati. Paa la mita za mraba 150 likipokea mvua ya milimita 50, kiasi ambacho masika ya Dar es Salaam hukitoa mchana mmoja bila kushangaza mtu, linamwaga lita 7,500. Kama paa halina mifereji, lita hizo zote zinatua mguuni mwa ukuta unaotaka kuukausha. Funga mifereji ya paa upande wa mlimani hata kama huna fedha za kuifunga pande nyingine, elekeza bomba lake kwenye tanki, na bomba la kufurikia la tanki hilo ulitoe hadi bondeni. Wapo wanaofunga mifereji vizuri kisha wakaacha bomba liishie nusu mita kutoka kwenye msingi. Hao wamekusanya mvua ya paa zima na kuimimina sehemu moja.

Baada ya paa, tazama uso wa ardhi. Upande wa mlimani ardhi yenyewe inaleta maji nyumbani kwako, pamoja na ya jirani wa juu. Chimba mfereji wa wazi wa kuyapokea kabla hayajafika, uujengee kwa zege au mawe, uzunguke nyumba na kushuka. Kati ya mfereji na ukuta mwaga sakafu ya zege yenye upana wa mita moja na nusu, iteremke kutoka ukutani sentimita mbili kwa kila mita. Na maji haya yapelekwe kwenye mtaro wa barabara au mkondo wa asili, si kwenye uzio wa jirani wa chini. Huko mabondeni, kesi nyingi za majirani mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa huanzia kwenye bomba la inchi nne.

Kazi nzito ni ya chini ya ardhi. Panapokuwa na nafasi kati ya ukuta na mpaka, fukua upande wa mlimani kwa vipande, mpaka karibu na kitako cha msingi bila kukivuka, na hakikisha kingo za shimo zimelazwa au zimezuiwa kwa mbao, kwani udongo wa mchanga wa pwani humeguka bila taarifa juu ya aliyemo. Sugua ukuta, uzibe mashimo, upige lipu ya saruji na mchanga kwa uwiano wa moja kwa tatu, na ikishakauka upake lami ya kuzuia maji au utandike utando wa lami unaobandikwa kwa moto. Ulinde utando huo kwa tofali jembamba au ubao wa plastiki, maana kokoto moja yenye ncha wakati wa kufukia huharibu kazi ya wiki nzima. Chini, kando ya msingi, laza kitambaa cha kuchuja, kokoto, na bomba la PVC la milimita 100 lenye matundu, literemke angalau sentimita moja kwa kila mita mpaka litokeze upande wa bondeni. Funika kwa kokoto zaidi, kunja kitambaa juu yake kama sambusa, ndipo urudishe udongo. Kitambaa ndicho kinachozuia mchanga usiingie kwenye matundu. Mfereji usio nacho hufanya kazi misimu michache kisha huziba. Kwenye kila kona weka chemba ndogo yenye mfuniko ili bomba liweze kusafishwa.

Mteremko una neema yake hapa: maji yanaondoka yenyewe. Aliyeko Jangwani, au kwenye sehemu tambarare za Mikocheni na Msasani ambako maji ya ardhini yapo karibu, hana mahali pa kuyateremshia, na atategemea shimo la kukusanyia na pampu inayowaka yenyewe. Umeme nao hupenda kukatika wakati uleule mvua inapokuwa kubwa. Huyo nisingemshauri aanze kazi hii.

Pasipokuwa na nafasi ya kufukua kwa nje, kwa sababu ukuta wa jirani upo hapo hapo, kazi hufanywa kwa ndani, na matokeo yake ni duni kidogo. Bandua lipu yote mpaka tofali, usitosheke na mita moja ya chini. Paka saruji maalumu ya kuzuia maji kwa tabaka mbili zinazokatizana, na kona ya sakafu na ukuta iviringishwe kwa saruji hiyohiyo, kwa kuwa ufa wa maungio hayo ndio mlango mkuu wa maji. Ukuta ukiendelea kulia, mhandisi anaweza kushauri ukuta mwembamba wa pili ulioachana na wa kwanza kwa sentimita chache, wenye kijifereji chini kinachopeleka maji nje. Chumba kitapungua, lakini ukuta unaoonekana utabaki mkavu.

Ratiba ya mwaka inapangwa na mvua. Kipindi cha Juni hadi Septemba ndicho cha kufukua na kujenga mifereji. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ni mtihani wa kwanza, na si mtihani mdogo, kwani mafuriko makubwa ya jiji hili ya Desemba 2011 yalikuja msimu huo. Mtu mwenye haraka anaweza kuanza umaliziaji Januari ikiwa ukuta umebaki mkavu. Mwenye subira atakitumia chumba kama stoo hadi masika yapite Mei, ndipo aagize vigae.

Choo na maji taka

Kabla ya kuamua choo kikae wapi, pima kiwango cha sakafu ya chini ukilinganisha na bomba linaloingia kwenye shimo la maji taka. Mara nyingi shimo la nyumba lilichimbwa likihudumia choo cha juu, na sakafu mpya iko chini kuliko bomba hilo. Maji hayapandi. Bomba la inchi nne linahitaji kuteremka sentimita mbili na nusu hivi kwa kila mita, kwa hiyo kama shimo lipo upande wa mlimani, chimba jingine upande wa bondeni, mbali na msingi, na mahali ambapo gari la kunyonya litafika.

Hata palipo na mteremko wa kutosha, weka vali inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Masika yanapojaza shimo, maji taka hutafuta tundu lililo chini kuliko yote, na katika nyumba yenye vyumba viwili vya kimo tofauti, tundu hilo ni bafu la mpangaji wako.

Hewa, mwanga na njia ya kutokea

Chumba cha kuishi kinahitaji mita 2.4 kutoka sakafuni hadi darini, na hesabu hiyo ifanywe baada ya kutoa unene wa sakafu mpya na dari. Palipo na mhimili unaoshuka, ni bora uwe juu ya kabati au ukuta wa kugawia kuliko katikati ya njia.

Upande wa bondeni ndio wenye uso wazi, kwa hiyo madirisha makubwa na mlango vikae huko. Ila madirisha ya upande mmoja hayasukumi hewa. Tafuta nafasi ya kutolea hewa upande wa pili, karibu na dari, iwe ni madirisha madogo juu ya usawa wa ardhi au bomba lenye feni ya kunyonya. Kusi na kaskazi hupita juu ya jiji hili karibu mwaka mzima; kazi yako ni kuvipa pa kuingilia na pa kutokea. Kiyoyozi hakichukui nafasi ya upepo. Kikiwekwa kwenye nyuzi 18 katika chumba cha chini huku mlango ukifunguliwa kila mara, hewa ya nje yenye unyevu mwingi inagusa kuta na vigae vilivyopoa na kuacha maji, na mwenye nyumba humwita fundi kutafuta uvujaji ambao haupo. Nyuzi 25 au 26 zinatosha.

Kutoboa dirisha jipya ni kazi ya linta, yaani mhimili mfupi wa juu ya dirisha, kwanza na nyundo baadaye. Kamwe usikubali fundi akate ukuta unaobeba slabu kabla ya kuweka nguzo za muda za kuishikilia.

Sasa grili. Jiji zima limefunga madirisha kwa nondo, na kwa chumba cha juu chenye milango miwili hilo huvumilika. Chumba cha chini chenye mlango mmoja na madirisha yenye nondo zilizochomelewa ni mtego moto ukianzia mlangoni. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake ina bawaba na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Nchini Marekani, ambako vyumba vya namna hii ni vya kawaida, kanuni za nyumba zinadai dirisha la kutokea lenye uwazi wa takriban nusu mita ya mraba, na kizingiti chake kisizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Ni kipimo kizuri cha kuiga. Namba ya Zimamoto ni 114, na inafaa kila anayelala huko aijue.

Mtungi wa gesi usikae chini, hata ukiwa na jiko zuri kiasi gani. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni, na katika chumba kilichozungukwa na udongo haina pa kutorokea mpaka mtu awashe swichi. Kama mpangaji atapika huko, mtungi uwe nje upande wa bondeni na bomba lipite ukutani. Jiko la mkaa na jenereta navyo vibaki nje, kwa sababu hewa yao yenye sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Sakafu, kuta na dari

Kama jamvi la zamani halina nailoni chini yake, na la stoo huwa halina, tandika nailoni ya mikroni 250 juu ya jamvi lililosafishwa, vipande vipishane sentimita 15 na zaidi na kuunganishwa kwa gundi ya utepe, ipande ukutani mpaka juu ya usawa wa sakafu mpya, kisha mwaga zege la sentimita saba na nusu. Zege hukauka polepole, takriban sentimita mbili na nusu kwa mwezi, na kwenye unyevu wa pwani ni zaidi ya hapo. Juu yake vigae ni chaguo salama, na sakafu ya niru iliyong'arishwa vizuri ni nafuu na hudumu. Zulia la ukuta hadi ukuta na sakafu za mbao za kubandika ni chakula cha koga na mchwa. Kwa sababu hiyohiyo ya mchwa, fremu za chuma au aluminiamu zinafaa zaidi kuliko mbao, na kabla ya kumwaga zege udongo na maungio yapigwe dawa.

Kuta zinazogusa udongo zisipigwe skimu ya jipsamu. Jipsamu hunyonya unyevu na kulainika. Tumia saruji nyeupe, na rangi iwe ya maji au chokaa ili ukuta upumue. Rangi ya mafuta, ambayo wengi huipenda kwa kuwa inafutika, hufungia unyevu ndani na kutoka kwa mabamba. Dari ya jipsamu haina tatizo mradi haigusi ukuta wa mlimani, lakini acha kidirisha cha kufikia mabomba ya bafu la juu. Makabati na vitanda visimame sentimita 10 kutoka ukuta huo. Nyuma ya kabati lililobanwa ukutani ndiko koga huanzia, na hugunduliwa siku ya kuhama.

Umeme

Sakiti za chini ziwe na breka zake zenyewe pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Ubao wa breka ubaki juu, ili maji yakiingia mtu aweze kukata umeme bila kuyakanyaga. Soketi zipande hadi nusu mita au zaidi kutoka sakafuni. Ukipangisha, omba mita ya pili ya LUKU mapema, wakati fundi umeme bado yupo kazini na kuta bado hazijapigwa lipu, kwa sababu kugawana uniti za mita moja huvunja ujirani haraka kuliko kelele. Mkataba wa mpangaji nao utaje nani atakayefungua zile chemba za pembeni na kuondoa majani na mchanga, mwishoni mwa Februari na tena mwishoni mwa Septemba.